Maziwa ya Jemile

Jumamosi ile Safie alijipodoa mara mbili. Mara ya kwanza nyumbani kwake Plovdiv, mara ya pili ndani ya gari, maana kona za milima ya Rodopi zilikuwa zimemtoa jasho, na Rufat alikuwa amemchekesha mpaka wanja ukamshuka mashavuni.

"Niambie ukweli," alisema huku akijitazama kwenye kioo. "Mama yako atanipenda?"

"Wewe atakupenda. Mimi ndiye anayenichoka. Kila nikimpigia simu ananiuliza, 'Bado unakamua wanawake huko mjini?'"

"Si umweleze kazi yetu!"

"Nimemweleza. Nimemwambia, mama, tunayachunguza maziwa ya kina mama, tujue kuna nini ndani yake kinachomkinga mtoto njiti asiugue. Unajua alinijibuje? 'Umesoma miaka yote hiyo, mwanangu, ndipo ukajua maziwa ya mama ni mazuri?'"

Safie alicheka tena, na wanja ukaharibika tena.

Walikuwa wamefanya kazi katika maabara moja kwa muda mrefu, na mwaka wa kwanza hawakuelewana hata kidogo. Yeye Safie alishughulika na sukari zilizomo katika maziwa ya mama, zile ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha wageni wema, vijidudu vya faida, wanaokaa tumboni mwake, alikuwa akiwaambia wanafunzi. Rufat yeye alishughulika na protini moja inayowanyang'anya vijidudu madini ya chuma mpaka wakose nguvu. Wote wawili walilitaka friza moja, na kila mmoja aliamini kuwa chupa za mwenzake zinamjazia nafasi bure. Safie alimwita Bwana Chuma. Rufat alimwita Bibi Sukari. Wenzao walianza kuweka dau wataoana lini kabla wao wenyewe hawajajua kama wanapendana.

Alhamisi ya wiki ile majibu yao yalitoka. Walikuwa wametafuta namna ya kupasha moto maziwa yanayotolewa na kina mama kwa ajili ya watoto wa wengine, kwa upole, ili vijidudu vife lakini ile kinga isife navyo. Katika wodi ya watoto njiti, waliopewa maziwa yale walikuwa wameumwa matumbo kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Safie aliisoma karatasi, akaisoma tena, akaketi sakafuni akalia. Rufat alipiga magoti mbele yake, akiwa na koti jeupe na glavu mkononi, akasema, "Safie, nimechoka kugombania friza. Tuwe na moja la nyumbani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa posa yake. Safie aliikubali kabla hajafuta machozi.

Kwa mama yake mwenyewe alikuwa hajasema neno. Mama yake angesikia kuna mwanamume, kesho yake angekuwa ameshakata kitambaa cha shela. Waende kwanza kwa mama yake Rufat, wapate baraka, ndipo amwambie.

Nyumba ya mama yake Rufat ilikuwa juu kabisa ya kijiji, kupita mji wa Rudozem, na moshi ukitoka. Mama Nefize alikuwa mlangoni tangu waliposikika wakipanda kilima. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, kitambaa cha maua kichwani, na macho yaliyopima mtu kwa mkupuo mmoja.

"Karibu, mwanangu, karibu. Mbona mwembamba hivyo? Rufat, humlishi?"

"Mama, anakula kuliko mimi."

"Kimya wewe. Vua viatu, mwanangu, ndara hizo hapo. Mashaallah, ana uso mzuri. Hukuniambia ana uso mzuri."

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia ana akili. Nikajua basi sura hana."

Mezani palikuwa na mkate wa viazi uliotoka kwenye jiko la kuni sasa hivi, maharage makubwa ya kijiji cha Smilyan, na mtindi mzito uliosimamisha kijiko. Mama Nefize hakula. Alikaa akimtazama Safie akila, na kila kijiko kilichoingia mdomoni kilimfurahisha. Chini ya meza, Rufat aliligusa goti la Safie kwa goti lake. Safie aliinamisha uso ili asionekane anavyotabasamu.

"Mkate huu umeupika hivi hivi anavyoupika mama," alisema Safie. "Na hii mnanaa ndani yake. Mjini hawatii."

"Mjini hawajui lolote. Mama yako ni wa wapi?"

"Ni wa huku huku milimani. Baba alikuwa mchimbaji wa madini. Walihamia Plovdiv mimi sijazaliwa."

"Huku huku wapi? Huku kwetu kila mtu namjua."

"Hapendi kuzungumzia sana tangu baba alipofariki. Ila anaitwa Jemile. Baba aliitwa Hasan, na kaka yangu mkubwa ni Hayri."

Kijiko cha kupakulia kilimtoka Mama Nefize mkononi, kikaanguka sakafuni. Hakukiokota.

"Jemile," alisema polepole. "Jemile wa Hasan. Mwenye alama nyeusi hapa, chini ya sikio?"

"Huyo huyo! Kumbe unamjua mama?"

Safie alisema hayo kwa furaha, lakini furaha ilimkwama alipouona uso wa mwenyeji wake. Rangi ilikuwa imemtoka. Mama Nefize aliinuka, akashika ukingo wa meza, akamtazama mwanawe, kisha akamtazama binti.

"Ya Rabbi," alisema. "Ninyi ni ndugu."

"Mama, unasema nini?" Rufat aliuliza.

"Nilipokuzaa nilishikwa na homa, wakanipeleka hospitali Smolyan, wakanilaza huko wiki nyingi. Maziwa yangu yakakauka. Wewe ulibaki na bibi yako Atije, mgonjwa, umekonda kama kijiti. Niliporudi nikakukuta mzima unanitazama. Nikamuuliza bibi yako, amefanyaje? Akaniambia, 'Mshukuru Jemile. Maziwa yake ndiyo yaliyomponya.' Jemile wa nyumba ya pili. Alikuwa akimnyonyesha Hayri wake. Hata kabla sijapata nguvu ya kwenda kumshukuru, walikuwa wamehama." Alijifuta macho kwa kitambaa chake. "Miaka yote hii namwombea dua. Huyu ni dada yako wa kunyonya, Rufat. Hamwezi kuoana. Kwa dini yetu, aliyenyonya ziwa la mwanamke ni ndugu wa watoto wake wote."

Mtindi ulikaa mbele yao bila kuguswa.

Safie alitoka nje. Rufat alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye rundo la kuni, amejikumbatia.

"Safie, nisikilize. Ni jambo la zamani. Nilikuwa kitoto. Hata kama nilinyonya mara moja, mbili..."

"Usinikaribie."

"Sisi ni watu wa sayansi!"

"Ndiyo maana siwezi." Aligeuka, macho mekundu. "Kila siku naingia wodini, Rufat. Nakutana na mama aliyejifungua kabla ya wakati, amekamua tone moja tu, anataka kulitupa kwa aibu. Namwambia, mama, usitupe, tone hilo lina kazi ambayo mashine zetu zote haziwezi kuifanya. Naapa kwa tone hilo. Leo kwa kuwa nakupenda niseme tone si kitu?"

Rufat alikaa juu ya gogo, mikono kichwani.

"Basi mimi nitaishi vipi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nije kazini kila asubuhi, nikuone, nikuite dada?"

"Sijui."

"Nikupigie magoti kwa ajili ya friza tu?"

Safie alitaka kukasirika, akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Alitamani amshike mkono. Aliuficha mkono wake kwapani usije ukaenda wenyewe.

"Nampigia mama simu," alisema.

Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Mama yake alifanya kazi kwenye duka la mikate, na Jumamosi, siku ya wateja wengi, simu yake hulala mkobani.

Dirisha la jikoni lilifunguka. Mama Nefize alitoa kichwa, kitambaa kimekaa upande.

"Hashiki?"

"Hashiki, mama."

"Basi mnakaa hapo mnangoja nini? Washa gari, twende kwake. Jambo hili silali nalo."

Alitoka vilevile alivyokuwa, na aproni yake na ndara zake za nyumbani, mkoba kwapani. Alipofika kwenye gari aliangalia viti kwa makini, akamfungulia Safie mlango wa nyuma, yeye akataka kuketi mbele.

"Mama," Rufat alisema, "kama ni dada yangu, si anaweza kukaa karibu yangu?"

"Endesha gari!"

Waliteremka Rudozem, wakapita Smolyan. Misonobari ilipita, na vibanda vya wauza asali, na kondoo waliowazuia barabarani mpaka Mama Nefize akateremsha kioo na kumkemea mchungaji kama mtoto wake. Rufat alikuwa akimtazama Safie kwenye kioo cha juu. Macho yao yakikutana, wote wawili waliyakwepesha, kisha yakarudi yenyewe. Mama Nefize aliona. Alinyoosha mkono akakigeuzia kioo upande wa dari.

Walipopita Chepelare alianza kuzungumza, uso wake ukielekea mbele.

"Mwanangu Safie. Nikuulize kitu cha kazi yenu."

"Uliza, mama."

"Mimi yangu yalikauka." Alikuwa akiukunja na kuukunjua ukingo wa aproni. "Wanawake wa kijiji walisema sikutaka kunyonyesha. Mama mkwe wangu Atije hakusema kitu, lakini alinyamaza kwa namna yake. Hata leo mwanangu akiniambia habari ya maziwa namkejeli, maana nasikia kama ananisuta. Lilikuwa kosa langu?"

Safie alisogea mbele mpaka kidevu chake kikawa karibu na bega la mwanamke yule.

"Hapana, mama. Sikiliza. Maziwa yanakuja kwa kuitwa. Mtoto akinyonya, mwili unaambiwa, tengeneza. Wewe walikutenganisha na mtoto, una homa, hakuna wa kuyaita. Hakuna aliyekufundisha kuyakamua ili yasikate. Siku hizi mama akilazwa, sisi tunakwenda kitandani kwake siku hiyo hiyo. Wewe hakuna aliyekuja. Hilo si kosa lako. Tulipaswa kuja."

"Ulikuwa hujazaliwa."

"Basi tumechelewa. Tusamehe."

Mama Nefize alitoa leso, akajifuta pua kwa kishindo. Kisha alisema, kama anayezungumza na barabara, "Ningempata mkwe kama huyu, na Mungu kampa mwanangu dada wa kunyonya. Alhamdulillahi kwa yote. Lakini nimeumia, Rufat. Nimeumia, mwanangu."

Rufat alikuwa akijitahidi kuiona barabara.

Duka la mikate lilikuwa kona ya mtaa wenye watu wengi, na foleni ilifika nje. Jemile alikuwa nyuma ya kaunta, mikono myeupe kwa unga mpaka viwikoni, akikata banitsa, mkate wa jibini wa tabaka tabaka, na kubishana na mteja mmoja mzee aliyetaka kipande cha katikati.

"Kila mtu anataka cha katikati, babu! Cha pembeni akale nani, mimi?" Kisha akamwona binti yake. "Safie? Mbona umelia? Nani kakuliza? Huyu?"

Alimnyooshea Rufat kisu cha kukatia. Rufat alirudi nyuma hatua moja.

"Mama, weka kisu. Huyu ni Rufat. Nilitaka kukuambia..."

"Jemile," alisema Mama Nefize kutoka nyuma yao.

Jemile alimtazama mwanamke mfupi mwenye aproni na ndara. Alimtazama tena. Kisu kikatua kwenye sinia.

"Nefize? Nefize wa Atije?"

Walikutana mahali kaunta inapokatika, wakakumbatiana, na unga ukaruka. Watu wa foleni waliacha kulalamika. Mama Nefize alilia kwanza, Jemile akamfuata.

"Umezeeka, Nefize!"

"Na wewe umenenepa! Jemile, ndugu yangu, sikuwahi kukushukuru. Ulimwokoa mwanangu. Ulimnyonyesha mwanangu mimi nikiwa nakufa Smolyan. Huyu hapa, mtazame. Na sasa amempenda Safie wako, na ni dada yake, na sijui tufanye nini."

Jemile alijitoa kwenye kumbatio. Alimtazama Rufat, akamtazama binti yake, kisha akamrudia Nefize.

"Nilimnyonyesha nani?"

"Huyu. Rufat."

"Mimi? Huyu?"

"Atije mwenyewe aliniambia! Maziwa ya Jemile ndiyo yaliyomponya."

Jemile alianza kutetemeka mabega. Mwanzoni Safie alidhani analia. Kisha kicheko kikatoka, kicheko kikubwa kilichomfanya atafute mahali pa kuketi, akaketi juu ya gunia la unga.

"Macho!" alisema. "Macho, Nefize! Yalikuwa macho!"

"Macho gani?"

"Mtoto aliletwa kwangu macho yamegandana kwa tongotongo, hayafunguki. Atije kanijia asubuhi, kanisimamia mlangoni, 'Jemile, mtilie maziwa.' Si tulikuwa tunafanya hivyo wote? Nikamkamulia matone jicho la kulia, matone jicho la kushoto. Kesho yake tena. Siku chache akafumbua. Basi! Hata kidole changu hakukinyonya."

"Hakunyonya?"

"Alitaka! Alikuwa akilitafuta ziwa kama mwizi. Nikamwambia Atije, mama, mtoto ana njaa, nimpe na huyu, nina ya kutosha. Akakataa katakata. Akamnyakua mikononi mwangu. Unajua alisema nini? 'Wewe bado u kijana, Jemile, utazaa mabinti. Nisije nikamharamishia mjukuu wangu binti wa nyumba nzuri.'"

Mama Nefize alishika kifua. Mteja mzee, ambaye alikuwa amesahau habari ya banitsa, aliuliza kwa sauti, "Sasa huyo mtoto alikula nini?"

"Maziwa ya mbuzi!" Jemile alijibu foleni nzima. "Atije alimchemshia ya mbuzi wake, yule mweupe mkorofi. Kama huyu kijana ana ndugu wa kunyonya, basi ndugu zake wana pembe!"

Duka lote lilicheka. Rufat alikuwa hacheki. Alikuwa amesimama katikati ya watu wale, machozi yanamtiririka bila aibu, anamtazama Safie, na safari hii hakuna aliyekwepesha macho. Safie alimwendea. Alimshika mkono ule aliokuwa akijinyima kuushika tangu mchana, akaubana mpaka vidole vikauma.

"Kwa hiyo si dada yangu," Rufat alisema, kama aliyehitaji kusikia tena.

"Si dada yako," alisema Safie. "Lakini nitataka kujua ilikuwaje yale matone yakafanya kazi. Protini yako ile, au kitu kingine? Tungepata sampuli..."

"Safie. Si leo."

"Na leo watu wasijaribu nyumbani," Safie aliwageukia wateja, kidole juu, machozi bado kwenye kidevu. "Mtoto akiumwa macho, mpelekeni kwa daktari!"

"Huyu ndiye mkwe unayemtaka?" Jemile alimuuliza Nefize. "Hata akilia anafundisha."

Mama Nefize alikuwa ameanza kujipangusa. Alikaza kitambaa chake kichwani, akavuta aproni ikanyooka, akasimama mbele ya gunia la unga kama mtu aliyesimama mbele ya wazee.

"Jemile binti wa watu," alisema, na sauti ikatulia. "Nimekuja kwako mimi Nefize. Mume wangu marehemu, mama mkwe wangu marehemu, basi nasema kwa niaba yao wote. Nyumba yetu ina kijana, nyumba yako ina binti. Namwomba Safie awe mke wa mwanangu Rufat."

Jemile alitazama miguuni kwa mgeni wake.

"Umekuja kuposa na ndara?"

"Nimekuja na ndara."

"Bila hata sanduku la peremende?"

"Nitaleta. Kijiji kizima kitaleta. Unanipa au hunipi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi hakuniambia hata kama ana mchumba, huyu msiri." Lakini tayari alikuwa ameinuka, akamvuta Safie kwa shavu, akamwachia alama ya vidole vitano vya unga. "Unamtaka, mwanangu?"

Safie alimtazama Rufat. Alikumbuka anavyoandika jina lake mwenyewe juu ya chupa zake kwa herufi kubwa ili Safie asimwibie nafasi, na anavyomletea chai akiwa amekasirika bado. Akatikisa kichwa kushoto na kulia, haraka haraka, kama sisi sote wa huku tunavyokubali, maana kwetu kichwa kikienda hivyo ni ndiyo, na kwa kuwa hilo halikumtosha akasema pia kwa mdomo.

"Namtaka, mama. Namtaka sana."

Mteja mzee alipiga makofi wa kwanza. Jemile alichukua kile kisu, akakata banitsa kipande cha katikati kabisa, chenye jibini nyingi, akamwekea mkononi Nefize, bila sahani.

"Kula, mkwe mwenzangu," alisema. "Kisha tuzungumze habari ya shela. Kitambaa ninacho tangu mwaka juzi."